Zaid wa Leso na Memori za Githurai

Haya ninayoandika hamtayaamini, na sitawabembeleza. Wakati wa mvua ya Elinino niliwaambia watu wa Majengo, hapa Thika, kwamba nimeokota samaki hai kwenye mfereji mbele ya mlango wangu. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Asubuhi yake nikawakuta mferejini na sufuria. Kwa hiyo asiyeamini na akae, nitamkuta tu. Nasema hivi: mtu aliyeweza kutenganisha weusi wa aina saba kwa jicho tupu, weusi wa makaa, weusi wa zambarau iliyoiva, hata weusi wa tako la sufuria, aliangushwa na tofauti ya sita na saba.

Mtu mwenyewe ni Zaid, mume wa dada yangu Sumeya. Babake alitoka Unyamwezi akaja kukata mkonge katika mashamba ya huku, na mwishowe mkonge ukamkata yeye. Alimwachia mwanawe panga, msahafu, na miguu mirefu isiyojua kupiga mpira. Mamake alikuwa Mkamba aliyesilimu, mkali kama pilipili kichaa, na ndiye aliyemshika mkono akampeleka kiwandani akiwa bado na ndevu mbili, mmoja kila shavu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, nyuma ya reli, na jina lililoandikwa langoni hakuna aliyelitumia. Watu walikiita Kwa Rangi, kwa sababu mfereji wake ulitoa maji ya rangi iliyokuwa ikipigwa siku hiyo. Mwanamke akitaka kujua leso za mwezi huu zitakuwa za rangi gani, hakumuuliza mtu. Alichungulia mferejini.

Zaid alikuwa mchoraji. Wengi wenu mnajifunga leso kila siku na hamjui inavyozaliwa, basi tulieni mfundishwe. Leso ya rangi tatu huchorwa mara tatu. Kila rangi ina karatasi yake ya plastiki inayopenyeza mwanga, nayo huchorwa kwa wino mweusi: pindo lote, mji wote wa katikati, na jina la leso pale chini. Karatasi zikilaliana sawasawa, ua linakaa ndani ya mstari wake. Zikipishana kwa unene wa unywele, ua linamwaga rangi nje kama mlevi anayetembea na uji.

Tena leso hutoka mbili mbili, doti, na kabla hazijaenda sokoni kila doti ilipita mbele ya Zaid. Alizitandaza mezani, akainamisha kichwa, akatazama rangi tu. Mara nyingi alizirudisha.

"Hii si doti," alikuwa akiwaambia vijana wa mashine. "Hawa ni mke na mume. Wanakaa nyumba moja lakini hawafanani. Mimi nataka mapacha."

Nao walikoroga rangi upya wakinung'unika. Hakuna aliyembishia. Kwa habari ya rangi Zaid alikuwa kadhi.

Shida ilianza na macho ya nanasi.

Zaid alipenda kuchora mananasi, kama mtu yeyote mwenye haya wa Thika, mji wa mashamba ya mananasi, na nanasi lina macho, vile vidoa vidogo katikati ya magamba. Kila kidoa ni nukta ya kalamu. Siku moja aliona nukta zake zimeungana zikawa ukungu. Akalaumu wino. Akabadilisha wino, ukungu ukabaki. Akalaumu taa, akahamia dirishani. Akaanza kushika kazi mbali na uso kama mtu anayesoma barua ya mkwe. Rangi aliziona vizuri kuliko mtu yeyote wa rika lake, lakini vitu vidogo vilikuwa vikimkimbia, na kila mwezi vilikimbia mbali zaidi.

Hakumwambia mtu. Mchoraji asiyeona ni kama kinyozi anayetetemeka: ukishajua hutarudi kwake tena. Hakumwambia Sumeya. Hakumwambia hata Absalom Oluoch, mchoraji mwenzake kutoka Bondo, aliyekaa naye meza moja, wakitazamana, tangu wote wawili wakiwa na viuno vyembamba. Alipoona kazi yake inapita bila kurudishwa, alijiambia kwamba mkono unakumbuka kile ambacho jicho limesahau. Maneno matamu hayo. Mimi mwenyewe ningeyaamini.

Mwaka wa tisini na saba, mvua ilipoanza kubomoa vyoo na madaraja, akaja meneja mpya. Jina lake Kaleli, kijana mwenye tai fupi na sauti ya upole. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu, angalau Zaid angepata wa kumtukana. Aliwaita wachoraji wote wawili ofisini mwake, palipokuwa na kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa kama maiti.

"Wazee wangu," akasema, "mitumba inatumaliza. Leso moja inachorwa wiki tatu, na wenye kiwanda hawataki kusikia tena habari ya kalamu. Leso ya Idd ije kwa disketi. Na niseme ukweli, nafasi ya mchoraji ni moja tu. Kila mtu alete mchoro wake kabla ya mwezi huu wa Novemba kuisha. Mashine ni hii hapa, mjifunzie."

Absalom akajifunzia pale pale. Zaid hakuthubutu. Pale ofisini kila mtu angemwona akigusisha pua kwenye kioo cha kompyuta. Akasema ana kompyuta yake, ya mtoto wake, huko Ruiru.

Hapo hakudanganya. Nadira, mpwa wangu, msichana mwenye akili zilizotoka upande wetu, alikuwa na chumba kidogo karibu na stesheni ya Ruiru ambamo alipiga chapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na kadi za harusi. Kompyuta yake ilikwisha kuzeekea katika ofisi fulani ya Nairobi kabla hajaipata. Zaid akaja kila jioni baada ya kazi, viatu vimejaa tope jeusi la Ruiru, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shika mausi taratibu, baba. Kama yai."

"Yai gani lina mkia?"

"Baba, taratibu! Umefungua barua ya mtu."

"Basi nimsaidie kuiandika. Anaomba kazi kama anaomba chumvi."

Nadira akapitisha mchoro wa nanasi moja kwenye skana, mashine ya kunakili picha, nanasi likashuka kidogo kidogo kwenye kioo. Zaid aliliona ukungu, kama kawaida. Kisha binti akabonyeza mahali, na nanasi likakua. Akabonyeza tena. Magamba yakawa mapana kama mikono, na katikati ya kila gamba, nyeusi, duara, peke yake, ilikuwepo nukta.

Zaid akaegemea meza. Nadira alidhani amechoka. Kumbe mzee alikuwa akitazama jicho la nanasi kwa mara ya kwanza tangu hajui lini, na alikuwa akiogopa kupepesa, lisije likaondoka.

"Ongeza," akasema.

Wakaongeza. Wakaweka nanasi la pili, la tatu, pindo lizunguke. Mashine ikanguruma, ikaguna, ikasimama. Kiooni yakatokea maneno.

"Imekataa," Nadira akasema. "Memori haitoshi."

"Si uliniambia ndani kuna nafasi ya kuweka vitabu vya shule nzima?"

"Hiyo ni kabati, baba. Kabati ni kubwa, mchoro umelala humo. Memori ni meza. Ukitaka kuuchora lazima uutandaze mezani, na meza yangu ni ndogo. Ukikuza, unataka meza kubwa zaidi."

Hilo Zaid alilielewa kuliko mwalimu aliyelitunga. "Na meza haipanuliki?"

"Inapanuliwa. Kuna sloti mbili wazi, tundu za kuichomekea. Ila mashine hii inalishwa memori mbili mbili. Huwezi kuitia kipande kimoja, wala viwili ovyo ovyo. Lazima wawe mapacha."

"Doti," Zaid akasema.

Nadira akacheka. "Haya, doti. Nenda Githurai kwa Bedan, mwambie ni Pentium ya Nadira, anaijua. Usome namba lakini, zilingane..."

Mteja akaingia na karatasi zilizolowa, mazungumzo yakakatika hapo. Zaid aliondoka na neno moja kifuani, nalo lilikuwa neno lake mwenyewe.

Bedan alikuwa na kibanda cha mabati Githurai 45, kati ya muuza samaki wadogo wa omena na mshona viatu. Humo kompyuta za maofisi zilikuja kuchinjwa. Utumbo wake ulining'inia ukutani, na vipande vya memori vilikaa kwenye sinia la chai, vimepangwa kama dagaa: vibao vya kijani, virefu kama kidole cha kati, vimebandikwa chipu nyeusi, na ukingo wa chini una meno ya kung'aa. Mvua ilikuwa ikipiga bati, watu wakisemezana kwa kelele.

"Sasa, mzee! Pentium ya Nadira? Ya msichana wa Ruiru? Hiyo naijua hata usingizini." Bedan akachokora sinia, akatoa viwili. "Chukua hizi. Ziko poa."

Zaid akavitandaza kiganjani. Kimoja kilikuwa na chipu nne pana upande mmoja. Kingine kilikuwa na chipu ndogo ndogo pande zote mbili, na kijani chake kilielekea unjano, kama jani la mgomba lililougua.

"Kijana, hizi si doti."

"Ati?"

"Hawa ni mke na mume."

"Haiya! Mzee, sura wachana nayo. Damu yao ni moja, spidi yao ni moja. Zitaenda pamoja mpaka kiama."

"Mimi nimefananisha vitu kabla babako hajamwona mamako. Hiki kijani kimechachuka. Unaniuzia ndugu wa kambo."

Muuza omena akaangua kicheko. Bedan akaona haya kidogo, maana kibanda kilikuwa kimejaa. "Sawa, guka, babu yangu. Sinia ndiyo hiyo, chagua mwenyewe. Lakini soma mkia wa namba juu ya chipu, sawa? Ikiishia sita, na mwenzake iishie sita. Moja ikienda mbio na nyingine ikichelewa, mashine inapewa maneno nusu nusu. Soma mkia!" Akageukia mtu mwingine aliyebeba televisheni.

Zaid akainama juu ya sinia. Na hapa, ndugu zangu, mngemwona mtu akifanya kazi. Aligeuza vipande, akavipeleka kwenye mwanga wa mlango, akatupa, akatafuta. Akapata kimoja chenye chipu nne pana, kijani cha jani la chai. Akatafuta tena, akapata ndugu yake. Kijani kile kile, chipu zile zile, hata lebo nyeupe imebandikwa kwa mshazari ule ule. Kwa macho yake hakujapata kuwa na doti nzuri namna hiyo tangu Kwa Rangi ifunguliwe.

Kisha akatazama mikia ya namba. Zilikuwa maandishi ya kijivu juu ya weusi, madogo kuliko mayai ya chawa. Akasogeza mbali, akasogeza karibu. Ukungu. Muuza omena alikuwa akimtazama. Mshona viatu alikuwa akimtazama. Angeweza kusema, "Bwana Bedan, nisomee." Maneno matatu tu. Lakini mtu aliyesema "hiki kijani kimechachuka" mbele ya watu atasemaje tena nisomee?

"Umesoma, mzee?" Bedan akauliza kutoka nyuma ya televisheni.

"Nimesoma."

Ruiru Zaid alimkuta Nadira amezungukwa na watu, stima imerudi baada ya kupotea kutwa nzima na kila mmoja anataka chake. Binti akazima mashine, akafungua ubavu wake kwa bisibisi, akavitazama vile vipande kwa haraka mkononi.

"Wamefanana sana."

"Ulitaka wafanane na nani?"

"Namba umesoma, baba?"

"Nimesoma," Zaid akajibu, na mara hii neno lilitoka laini zaidi, maana lilishajua njia.

Nadira akavichomeka kwa mshazari, akavisimamisha, vikabana pande zote mbili, tak, tak. Mashine ilipowashwa ikaanza kuhesabu memori yake, kama inavyofanya kila asubuhi, ikafika pale ilipozoea kuishia, ikapita. Wateja wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Zaid alitabasamu mpaka nyumbani.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Sumeya aliniambia mumewe anaimba bafuni, nikamwambia afunge mlango wa nje asije akaibiwa. Alichora kwenye karatasi pindo la mananasi na mji wa tawi moja la kahawa, punje zimeiva nusu, Nadira akaipitisha karatasi kwenye skana. Akakuza kipande, akakisafisha nukta kwa nukta, akahifadhi, akahamia kipande kingine. Jina la leso alilitunga mwenyewe: SIKUJA MIKONO MITUPU. Wanawake wa Kamenu wangeligombania.

Mashine iliganda mara kwa mara. Nadira alilaumu stima, na nani hakulaumu stima mwaka ule? Alitaka kutazama kazi, Zaid akakataa. Kwa Rangi mchoro hauonyeshwi kabla wino haujakauka, ni mwiko, unaleta doa. Wateja walipoingia alifunika kioo kwa leso ya mamake. Na kwa kuwa kila siku alikuza kipande kipya tu, hakurudi kutazama vya nyuma. Huko nyuma ndiko uozo ulikoingia. Kila alipohifadhi, zile memori mbili, moja ya mbio na moja ya kuchelewa, zilipeana mchoro nusu nusu, zikadondosha nukta hapa, zikasogeza mstari pale, kwenye mananasi aliyokwisha kuyamaliza na kuyaaga.

Siku ya mwisho Nadira alimnakilia mchoro upesi upesi, disketi tatu, kila rangi na yake, taa zikififia. Zaid akazivisha mfuko wa nailoni na kuziweka kifuani.

Ofisini kwa Kaleli walianza na Absalom. Alikuwa amechora maua ya waridi, waridi la kila leso, safi, halina kosa wala halina uhai. Kaleli akaitikia kwa kichwa. Kisha akatia disketi za Zaid, moja baada ya moja, akalaza rangi juu ya rangi, na tawi la kahawa likatandaa kwenye kioo.

Kaleli akasogeza kiti karibu na kioo.

"Mzee Zaid, hii ni nini?"

"Kahawa. Na pindo la mananasi."

"Naona. Nauliza hivi hapa."

Alinyoosha kalamu. Zaid akatazama ncha ya kalamu. Aliona rangi: kijani chake, nyekundu yake ya punje, zimekaa vizuri kabisa.

"Hapo pako sawa," akasema.

Absalom akakohoa. "Bosi, ni disketi. Zimenyeshewa. Mvua hii inaingia hata kwenye mifupa."

"Vidoa hivi, Mzee Zaid. Vimetapakaa kote. Na pindo limekatika, hili nanasi limeingia ndani ya hili. Huoni?"

"Mbona ni safi."

Kaleli akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, nimeshasema. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu mlango asioutaka ufunguke.

"Mzee, nisomee jina la leso. Lililo hapo kwenye kioo."

Zaid akajinyoosha. Hilo alilijua. "Sikuja mikono mitupu," akasoma, na macho ameyaelekeza mahali penyewe.

Absalom alitazama sakafu. Pale kwenye kioo herufi zilikuwa zimechanika, na neno la mwisho halikuwepo kabisa. Palikuwa na mistari tu, kama nyasi zilizokanyagwa.

Walitoka nje wakasimama chini ya paa, karibu na mfereji. Siku hiyo maji yalikuwa na rangi ya chungwa. Zaid aliiona vizuri sana.

"Absalom."

"Naam, ndugu yangu."

"Karatasi zangu za kalamu. Hakuna hata moja iliyorudishwa, miaka yote hii."

Absalom akageuka kutazama mfereji.

"Nilikuwa nakwenda kuswali adhuhuri," Zaid akasema, "nikirudi nakuta umefuta kalamu yako. Nilifikiri wewe ni mtu msafi."

"Zilikuwa nukta tu, Zaid. Mbili, tatu. Macho ya nanasi."

"Tangu lini?"

"Wacha hayo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu leso ya korosho."

Leso ya korosho ilikuwa ya Idd za nyuma sana. Vitoto vilivyobebwa ndani yake vilikuwa vimekwisha kwenda shule. Zaid akatikisa kichwa, akaangalia mikono yake, ile iliyokuwa ikikumbuka kwa niaba ya macho. Alitaka kumshukuru mwenzake na alitaka kumpiga, na kwa kuwa hakujua kipi kianze, aliingia mvuani akaenda nyumbani.

Nadira aliposikia alifungua mashine siku ile ile. Akavitoa vile vipande, akavipeleka dirishani, akasoma mikia. Kimoja kiliishia sita, kingine saba. Hakumwambia babake neno. Alivipeleka Githurai, na Bedan, aliyekuwa na ulimi wa kukata kamba, safari hii aliufyata. Alimbadilishia kimoja, akampa kile cha kijani kilichochachuka, chenye chipu ndogo pande mbili. Wakaingia ile mashine, mke na mume, wamekaa humo mpaka leo bila ugomvi hata mmoja.

Daktari wa macho alisema miwani itasaidia kidogo, na kwamba hicho kidogo nacho kitazidi kupungua. Absalom alipewa ile nafasi. Hakuifaidi. Mwaka uliofuata lango la Kwa Rangi lilifungwa kwa mnyororo, mitambo ikauzwa kwa kilo, na mfereji sasa hutoa maji ya kawaida, machafu, yasiyomwambia mtu lolote. Zaid huenda Ruiru siku chache kwa wiki. Nadira humkuzia nanasi mpaka gamba moja lijaze kioo chote, naye hukaa hapo akitengeneza jicho moja asubuhi nzima. Hauzi. Hakuna wa kumuuzia.

Haya yote nimemsomea kwa sauti hapa uani kwao, maana mwenyewe hasomi tena, na mpaka hapa ametulia, fimbo katikati ya magoti, Sumeya akichambua mchele. Lakini msimwonee huruma, enyi wenye macho mazima! Bado sijawaambia kwamba mchoro wa kwanza, ule wa karatasi, aliupitisha Nadira kwenye skana upya, zile memori zikiwa zimepatana, na Absalom akaubeba mpaka kiwandani katika wiki ya mwisho kabla ya mnyororo. Na leso ya mananasi ikapigwa chapa! Ikatoka marobota kwa marobota, mfereji ukawa mwekundu mpaka mto Chania, wanawake wakaja kutoka Theta, kutoka Kamenu, wakapigana langoni, doti elfu kumi zikaisha kabla ya adhuhuri, na Kaleli mwenyewe akalia machozi, akamshika Zaid mkono mbele ya umati wote akamwambia, mzee, nisamehe, rudi Jumatatu kwenye ile meza yako na—

"Doti ngapi, shemeji?"

—na doti, nilisema, elfu... yaani kwa kukadiria tu, ukihesabu na zile zilizo—

"Moja," Zaid akasema. "Absalom aliipiga kwa mkono, kwenye meza ya sampuli. Moja tu. Iko ndani ya sanduku la Sumeya na haijakatwa kuwa leso mbili. Futa hayo, uandike moja."